Historia ya Upimaji wa Klamidia Maabara na Nafasi ya Mgonjwa Asiye na Dalili

Insha hii inajadili namna mbinu za maabara zilivyobadili uelewa wa klamidia, ugonjwa wa zinaa unaosababishwa na bakteria. Hoja yake ni kwamba, katika kila kipindi, kipimo kilichokuwapo ndicho kilichoamua nani ahesabiwe kuwa mgonjwa.

Mwaka 1907, wakiwa Java, Halberstaedter na von Prowazek walichunguza kwa hadubini ukwanguo wa macho yenye trakoma, wakaona vijumbe ndani ya seli. Kwa kuwa vimelea hivyo huzaliana ndani ya seli hai tu, havikuota katika vyakula vya kawaida vya kuoteshea bakteria. Kwa miaka mingi vilidhaniwa kuwa virusi. Mwaka 1957, T'ang Fei-fan na wenzake nchini China walitangaza kuwa wamevikuza katika mayai ya kuku yenye kiinitete. Mwaka 1959, watafiti wa London walivipata katika mlango wa kizazi wa mama ambaye mtoto wake mchanga alikuwa na uvimbe wa macho. Uhusiano wa maradhi ya macho na ya via vya uzazi ukapata ushahidi wa maabara.

Mwaka 1965, Gordon na Quan waliviotesha katika seli zilizokuzwa maabara. Hata hivyo, kazi hiyo ilidai siku kadhaa na mafundi stadi, hivyo ilibaki katika maabara chache. Miaka ya 1990, vipimo vya kuzidisha vinasaba viliwezesha ugunduzi kwa kutumia mkojo, lakini gharama yake ilivizuia kufika katika zahanati nyingi za Afrika.

Pengo hilo lilizibwa kwa tiba inayofuata dalili. Katika utafiti wa Mwanza, Tanzania, uliofanyika kati ya 1991 na 1994, kuimarishwa kwa tiba hiyo katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mafanikio hayo ni makubwa. Lakini wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, na baadhi yao huishia kuwa wagumba. Utaratibu unaosubiri malalamiko ya mgonjwa hauwezi kuwafikia.

Kwa hiyo, kukosekana kwa kipimo si upungufu wa vifaa pekee. Ni kuwaacha wanawake hao nje ya tiba na nje ya takwimu.