Wazee Walioachiwa Ufunguo: Buganda, 1885



Mhariri aliponitaka niandike jambo la historia, fikira zangu zilikwenda kwanza kwenye chumba kile kilichokuwa nyuma ya bwalo letu, ambamo tulikuwa tukiwafundisha watoto wa vijiji vya jirani kila Jumapili alasiri. Kiongozi wetu alikuwa wa Kidato cha Sita, hodari kweli kweli. Alifundisha yeye, aliimbisha yeye, daftari na ufunguo aliviweka yeye. Alipomaliza mitihani yake akaenda zake, na darasa likafa kwa mihula miwili. Sisi wa Kidato cha Tatu tulimlaumu sana. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa Serikali, nilipokea barua ya uhamisho, nami nikaliacha darasa la vijana la mtaa wangu vivyo hivyo. Sikuwa nimemwandaa hata mtu mmoja.

Ndiyo sababu nimeyasoma upya mambo ya Buganda, ambayo darasani tuliyapitia juu juu tu.

Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo, ambaye hakuwahi kuwa kasisi hata siku moja. Vijana wa ikulu, aghalabu wa rika lenu ninyi mlio bado madarasani, walikuja kwenye karakana yake kutazama chuma kikifuliwa, wakabaki kujifunza herufi. Na herufi hizo walizisoma kwanza kwa Kiswahili, katika vitabu vilivyofasiriwa na Askofu Steere wa Unguja, kwa kuwa vya Kiganda vilikuwa havijapatikana bado. Wakaitwa basomi, yaani wasomaji. Aliyekwisha kuujua ukurasa alimfundisha mwenzake, na kazi ikaenea hivyo, pasipo mshahara. Watu watano wa kwanza wakabatizwa mwaka 1882.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni walichomwa moto. Hapo wamisionari wakaona wazi kwamba wanaweza kufukuzwa siku yoyote. Mwaka huo huo wakaunda baraza la wazee wa kanisa kutoka miongoni mwa basomi wenyewe, watu wenye kazi zao na nyumba zao, kama vile Nikodemo Sebwato. Kwa kuwa kuonekana penye misioni kulikuwa hatari, waumini wakawa wanakutana kwa siri majumbani mwa wazee hao.

Watu wengi husifu busara ya jambo hili. Mimi nadhani hofu nayo ilisaidia. Mackay alikuwa mtu mwepesi wa hasira, na ugomvi wake na mapadre wa Kifaransa haukuwa wa kuiga. Lakini jambo moja alilifanya sawasawa: aliwapa wazee kazi angali yupo. Askofu Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Mauaji ya Namugongo yakafuata tarehe 3 Juni 1886. Mackay aliondolewa Buganda Julai 1887. Kwa hiyo wazee walikuwa na muda wa miaka miwili hivi wa kuongoza, na kukosea pia, huku mwalimu wao akiwa karibu wa kuulizwa. Kiongozi wetu wa Kidato cha Sita hakutupa hata Jumapili mbili. Mimi wa mtaani kwangu sikuwapa hata moja.

Gharama ilikuwepo, wala haifai kuificha. Kumfanya mtu mzee wa kanisa mwaka 1885 kulikuwa sawa na kumweka mbele ya mkuki.

Mwaka 1888 wamisionari wote walifukuzwa, na Wakristo wengi wakakimbilia Nkore. Huko hakukuwa na Mzungu wa kuwaongoza. Walisali na kufundishana wenyewe. Mackay alifariki kwa homa Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Askofu Tucker alipofika Buganda mwisho wa mwaka huo, alikuta kanisa limesimama, na Januari 1891 akawapa sita kati ya wenyeji hati ya uinjilisti. Mwaka 1893 wa kwanza wakawekwa mashemasi, akiwemo Henry Wright Duta, aliyebatizwa Unguja mwaka 1882.

Katika kituo changu cha sasa ninafundisha tena darasa la watoto, lakini Jumapili moja kwa mwezi tu. Zilizobaki ni za kijana mmoja fundi cherehani na mama mmoja muuza maandazi. Yule kijana hukosea tarehe za Biblia, nami humsahihisha baada ya watoto kuondoka. Daftari na ufunguo viko kwa mama. Barua ya uhamisho bado haijafika.