ZZ, ua linaloota kwa jani

Ua la ZZ, lile la majani manene yanayong'aa, wengi hudhani limetoka Ulaya. Hapana. Asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza tu kulizalisha kwa wingi kibiashara miaka ya 1990.

Kwa hiyo kabla hujanunua, omba jirani jani moja. Acha kidonda chake kikauke siku moja, kisha lichomeke kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga na udongo, ukaliweke barazani kivulini. Chipukizi huchukua miezi mingi. Jani likinyauka usilitupe haraka. Fukua taratibu, huenda chini kuna kiazi.

Viazi hivyo hutunza maji, ndiyo maana kumwagilia kila siku huliozesha. Subiri udongo ukauke kabisa, na wakati wa masika liondoe mvuani. Utomvu wake huwasha mdomo na ngozi: nawa mikono, na watoto wasilitafune.