Choroa Mweupe wa Arabuni

Wanyama walio mbele yako asili yao ni jangwa la Arabuni. Magari na bunduki viliwamaliza porini. Wa mwisho waliuawa Oman mwaka 1972.

Miaka 10 kabla yake, shirika la Uingereza, Fauna Preservation Society, lilimtuma Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori Kenya, kukamata wachache karibu na mpaka wa Oman. Walinusurika watatu tu. Walitunzwa kwanza Isiolo, nchi ya binamu zao choroa wa Afrika, kisha mwaka 1963 wakaletwa hapa Phoenix, Arizona, kwenye joto kavu kama la kwao. London, Kuwait na Saudia zilitoa wengine. Kundi likaanza na tisa.

Mwaka 1982 wazao wao waliachiwa Jiddat al-Harasis, Oman, wakilindwa na Waharasisi, wafugaji wa mbuzi na ngamia.