Takataka za mawese zilizogeuka udongo mweusi

Ninyi mliokimbia vita na sasa mnalima kipande cha shamba la kuazima: mbolea ya dukani ni ghali. Habari ya leo ni ya watu waliolima bila kuwa nayo.

Kaskazini-magharibi mwa Liberia, katika nchi ya Waloma, vijiji vimezungukwa na udongo mweusi, wakati udongo wa mbele kidogo ni mwekundu na umechoka. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba udongo mweusi wa Liberia na Ghana ulitengenezwa na watu, na mwingine una umri wa karibu miaka 700. Kaboni yake inazidi ile ya udongo wa jirani kwa asilimia 200 hadi 300. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na akina mama. Walitupa pamoja makala ya jikoni, majivu ya kutengeneza sabuni, mifupa na mabaki ya kukamua mawese.

Kwetu Kongo, mawese yaligeuka kazi ya viwanda. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa Mwingereza William Lever haki juu ya ardhi kubwa, na kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ikajenga Leverville, leo Lusanga, katika Kwilu. Wazee wetu walilazimishwa kukata ngazi. Mafuta yalisafirishwa Ulaya. Kiwandani yalibaki mashada matupu, nyuzi na maganda, yenye potasi nyingi iliyotoka ardhini.

Takataka zikiungua hadi majivu, kaboni yake hupotea hewani. Zikikaushwa na kuchomwa kwa hewa kidogo, hubaki makala yenye vitundu vidogo vinavyoshika maji na chakula cha mimea, na hayaozi upesi. Wataalamu huyaita bayochari. Lakini yakiwekwa peke yake yanaweza kuinyima mimea chakula. Yapondwe, yachanganywe na samadi au mboji, yakae wiki kadhaa kwanza.

Msikate miti kwa ajili ya hayo. Maganda ya mpunga, maganda ya kahawa na unga wa mbao hutupwa kila siku kwenye vinu na viwanda. Mbao zenye rangi na plastiki msichome: zina sumu.

Siku mtakaporudi nyumbani, udongo mliorutubisha utabaki kwa aliyewaazima shamba. Ujuzi mtaondoka nao.