Lukasa, Benki na Orodha ya Mishahara

Wanaoisifu kompyuta kuwa dawa ya rushwa nchini Kongo husema kana kwamba kumdhibiti mtawala kwa kumbukumbu kumeanza jana. Historia ya nchi ya Waluba, ambamo Kinkondja imekaa kando ya Ziwa Kisale, inawakatalia. Huko kulikuwa na lukasa, ubao mdogo wa mti uliopambwa kwa shanga na simbi. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu yake: shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa mtawala na watu wake, na mstari wa shanga ulikuwa njia. Wasomaji walitoka katika chama cha Mbudye, na mfalme mwenyewe alipaswa kuingizwa humo. Hivyo kumbukumbu ya utawala haikukaa mkononi mwa mtawala peke yake. Walikuwapo wa kumkumbusha mipaka yake.

Mtu atapinga kwamba lukasa ilikuwa siri ya wachache, na kwamba maelezo yake yalibadilika kwa msomaji na hadhira. Ni kweli, na udhaifu huohuo umehamia kwenye mashine. Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa mishahara ya watumishi wake kupitia benki. Kabla ya hapo noti zilipita mikono mingi, na kila mkono uliweza kukata chake. Benki imepunguza mikono hiyo, lakini haiwezi kumtambua mfanyakazi hewa ikiwa aliyeandika orodha ndiye pia anayeikagua. Mei mwaka huohuo, amri ya waziri mkuu iliagiza mikataba ya madini, mafuta na misitu itangazwe ndani ya siku 60. Hatua kubwa hiyo. Ila mkataba wa Kifaransa cha wanasheria, ulio kwenye intaneti tu, bado una wasomaji wachache kama lukasa.

Wengine watasema vijiji visivyo na umeme visubiri kwanza umeme ufike. Hapana. Orodha iliyo kwenye kompyuta inaweza kuchapishwa ikabandikwa ukutani: majina ya walimu kwenye mlango wa shule, viwango vya ushuru wa samaki pale mitumbwi inapotia nanga, kwa Kiluba na Kiswahili. Hapo mzazi atajua nani anamfundisha mwanawe, na mvuvi atajua anachopaswa kutozwa. Serikali iwape orodha, kisha iwalinde wanapouliza.