Pichadithi: Ngano Zilizochorwa na Lugha Zilizobaki Nje ya Picha

Utangulizi

Historia ya hadithi za picha katika Afrika Mashariki ina sura moja fupi ambayo wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuirejea. Mapema katika miaka ya 1980, kampuni ya Kul Graphics ya Nairobi ilianza kuchapisha mfululizo wa vitabu vya katuni vilivyosimulia visasili na visakale vya makabila ya eneo hili. Mfululizo huo uliitwa Pichadithi. Haukudumu. Hata hivyo, katika muda wake mfupi uliibua suala ambalo fasihi ya Kiswahili haijalimaliza: hadithi ya ajabu inapotoka kinywani ikaingia katika nathari, na kutoka katika nathari ikaingia katika picha, ni lugha gani inayosafiri nayo, na ni lugha gani inayoachwa njiani?

Makala haya yanafuatilia safari hiyo kwa hatua nne: mazingira yaliyouzaa mfululizo huo, jina lake, ugumu wa kugeuza nathari kuwa picha, na maana ya yote hayo kwa mahali kama Nyamiaga, wilayani Ngara, ambako ngano bado zina lugha yake mbali na Kiswahili.

Mazingira ya kuzaliwa kwake

Pichadithi haikuzuka ghafla. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jijini Nairobi jarida la Joe, lililochanganya vichekesho, michoro na hadithi fupi, na ambalo lilidumu hadi 1979. Hirst, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1932, aliwasili Kenya mwaka 1965 na kufundisha sanaa kabla ya kujulikana kwa kalamu yake ya uchoraji. Alifariki mwaka 2015. Ndiye aliyekuwa mhimili wa Pichadithi. Miongoni mwa walioshirikiana naye alikuwamo Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa makao yake, na ambaye baadaye alijipatia sifa kwa Akokhan, mkasa wa nguvu za ajabu. Odoi alifariki mwaka 2012.

Kwa upande mwingine, hali ya kitaaluma ilikuwa imebadilika. Mwaka 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mjadala huo ulizaa matunda. Katika mwongo uliofuata, ngano nyingi zilikusanywa na kuchapishwa kwa nathari. Kwa hiyo mchoraji wa miaka ya 1980 hakulazimika kwenda kijijini kumsaka fanani. Ngano alizikuta zimekwisha kupangwa rafuni. Lakini alizikuta, kwa sehemu kubwa, katika Kiingereza.

Jina na mgongano wake

Jina Pichadithi lenyewe linastahili kuchunguzwa. Limeundwa kwa maneno mawili, picha na hadithi, na silabi ya kwanza ya neno la pili imedondoshwa. Njia hii ya uhulutishaji si ngeni katika Kiswahili: ndiyo iliyotoa chajio kutokana na chakula cha jioni, na ndiyo inayokaribiana na ile iliyotoa UKIMWI kutokana na upungufu wa kinga mwilini. Isitoshe, neno moja limetoholewa kutoka Kiingereza na jingine kutoka Kiarabu, lakini msemaji yeyote wa Kiswahili huyapokea yote mawili kama maneno ya nyumbani. Kwa jina hilo moja, mfululizo ulijitambulisha kwamba ni wa watu wa Afrika Mashariki wote.

Hapo ndipo ulipo mgongano. Jalada lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini vitabu vilivyojulikana zaidi katika mfululizo huo vilizungumza Kiingereza ndani. Kiswahili kilifanywa mlango, wala si nyumba. Inawezekana kutetea uamuzi huo: Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya shule za Kenya, na mnunuzi wa kitabu alikuwa mzazi aliyetaka mtoto wake afaulu. Hata hivyo, utetezi huo hautoshi. Ikiwa shabaha ilikuwa kumwezesha Mkikuyu kusoma kisakale cha Mjaluo, Kiswahili kingeweza kuifanya kazi hiyo hiyo, tena kikamfikia pia yule ambaye hakumaliza shule. Wakati huo huo gazeti la Taifa Leo lilikuwa likichapisha katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, na wasomaji wake walicheka kwa Kiswahili bila kuhitaji mkalimani.

Kivuli, sindano na sufuria

Kugeuza nathari kuwa picha si kuipamba. Mfano bora ni kisakale cha Lwanda Magere, ambacho kilikuwa miongoni mwa vitabu vya Pichadithi. Lwanda, ambaye jina lake kwa Kijaluo lina maana ya mwamba, ni shujaa ambaye mikuki haikumpenya. Maadui wakampelekea binti awe mkewe. Siku moja Lwanda aliugua, akamwelekeza mkewe achanje si mwili wake bali kivuli chake. Kivuli kikatoka damu. Binti akatoroka na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata shujaa akachomwa mkuki kivulini, akageuka jiwe.

Katika nathari, msimulizi anaweza kunyamaza kuhusu kivuli hadi saa yake ifike. Msomaji hajui kwamba kipo, kwa sababu hakijatajwa. Mchoraji hana uhuru huo. Akimchora Lwanda juani bila kivuli, amedanganya. Akimchora na kivuli kuanzia ukurasa wa kwanza, ameitoa siri mbele ya macho ya kila mtu, na bado hakuna atakayeiona. Katika hali hii picha inaipita nathari: siri imefichwa pale pale inapoonekana.

Kiswahili kina kisa kinachofanana na hicho. Fumo Liyongo naye hakudhuriwa na silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyemsaliti alikuwa mwanawe. Kisa hicho kilichapishwa kwa nathari ya Kiswahili mapema sana, katika mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Ni vigumu kufikiria mandhari iliyo tayari zaidi kwa kalamu ya mchoraji.

Lakini si kila hadithi hukubali kuchorwa. Katika hekaya za Abunuwasi, mjanja anaazima sufuria, anairudisha pamoja na nyingine ndogo, na kudai kwamba imezaa. Mwenyewe anafurahi na kukubali. Safari ya pili Abunuwasi hairudishi. Anasema sufuria imekufa. Kiini cha kichekesho hiki hakimo katika sufuria, bali katika vitenzi viwili, kuzaa na kufa. Mchoraji anaweza kuonyesha uso wa mwenye mali ukibadilika, lakini uzito wote unabebwa na maneno yaliyo juu ya kichwa cha Abunuwasi. Ndiyo maana lugha ya katuni si jambo la pembeni. Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alilitambua hilo: kitabu chake cha katuni Abunuwasi, kilichotolewa na Sasa Sema jijini Nairobi mwaka 1996, kiliandikwa kwa Kiswahili ndani na nje. Kile ambacho Pichadithi iliahidi kwa jina, kitabu hicho kilitekeleza kwa matini.

Kiswahili kina vigezo vyake katika kazi hii. Neno kama hawatatusaidia ni sentensi nzima isiyokatika kwa urahisi, na hujaza duara dogo la maneno litokalo kinywani mwa mhusika. Mwandishi hulazimika kuchagua kauli fupi au kulipanua duara. Kwa upande wa pili, lugha hii ina hazina ya tanakali ambayo katuni huihitaji mno: mtu huanguka puu, hutumbukia chubwi, hunyamaza jii, na giza huwa totoro. Mbili za mwisho si sauti hata kidogo. Ni kimya na rangi. Katuni ya Kiswahili inaweza kuandika kimya katikati ya picha, na msomaji akakisikia.

Nyamiaga na swali lililobaki

Hadi hapa Kiswahili kimetetewa dhidi ya Kiingereza. Haki inataka mizani igeuzwe. Nyamiaga ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, wilaya ambayo misingi yake ni tawala mbili za zamani, Bugufi na Busubi. Lugha zake, Kihangaza na Kishubi, ziko katika kundi moja na Kiha, Kirundi na Kinyarwanda. Guthrie aliziweka katika kundi D60. Katika wilaya jirani ya Biharamulo hali ni ya namna hiyo hiyo: lugha za nyumbani zipo, na shule ya msingi hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto anayesikia ngano kwa Kihangaza jioni hukutana asubuhi na kitabu kisichojua neno hata moja la ngano hiyo.

Kwa mtoto huyo, Kiswahili kiko katika nafasi ile ile ambayo Kiingereza kilikuwa nayo katika Pichadithi. Ni lugha pana, yenye vitabu, inayozipokea hadithi za wengine na kuacha maneno yao nje. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulifanya kazi kubwa ya kukusanya misamiati na kuandika sarufi, na atlasi yake ya lugha ilitoka mwaka 2009. Lakini msamiati humhifadhia mtafiti neno. Haumpi mtoto hadithi.

Katuni inatoa njia ambayo nathari haina. Mistari ya picha na maneno vinaweza kutayarishwa mbalimbali, hivyo michoro ile ile inaweza kuchapishwa mara mbili, kwanza kwa Kihangaza na kisha kwa Kiswahili, bila mchoraji kurudia kazi. Maneno ya ukurasa mmoja ni machache, na gharama ya kuyatafsiri ni ndogo. Kikwazo ni soko. Uchapishaji katika nchi zetu umeegemea vitabu vya kiada, na kitabu cha ngano kisichotahiniwa hukosa mnunuzi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulionyesha kwamba kikwazo hicho si ukuta: ulinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni, na mchapishaji akathubutu kuchapisha.

Hitimisho

Pichadithi ilithibitisha kwamba visakale vyetu vinaweza kukaa katika fremu za katuni bila kupoteza hadhi. Ilithibitisha pia, pasipo kukusudia, kwamba jina la Kiswahili juu ya jalada halitoshi. Wataalamu wa Kiswahili wana haki ya kuudai ukurasa wa ndani. Lakini dai hilo litakuwa na nguvu pale tu watakapokubali kuugawa ukurasa huo na lugha ndogo kuliko yao. Ngano za Ngara zina wasimulizi wake, na baadhi yao ni wazee. Mchoraji anaweza kungoja. Wazee hao hawawezi.