Pakiti Nyeusi ya Philadelphia

Pakiti ilikuwa nyeusi yenye rangi ya dhahabu, na sigara zake zilipangwa kichwa chini, vichungi vikielekea kitakoni. Mpangilio huo ulikuwa na sababu. Watafiti wa soko wa kampuni ya R.J. Reynolds walibaini kwamba wavutaji wengi Weusi hufungua pakiti kwa chini. Sigara hiyo, Uptown, ilitengenezwa kwa ajili yao, na majaribio ya kuiuza yalipangwa kuanza Philadelphia, Marekani, Februari 1990.

Ilikuwa sigara ya mentholi. Kiungo hicho cha mnanaa hupoza koo, moshi ukashuka bila kuwasha: anayeanza haonji ukali, na aliyezoea hupata tabu kuacha. Lloyd Hughes wa Ohio ndiye aliyebuni sigara ya mentholi katika miaka ya 1920, na chapa ya Kool ikaingia sokoni mwaka 1933. Bado mwaka 1953 ni takriban mvutaji mmoja tu kati ya 20 miongoni mwa Weusi aliyependelea mentholi. Ndipo biashara ikawafuata walipo: mabango mitaani mwao, matangazo katika jarida la Ebony, udhamini wa tamasha za jazz, sigara za bure zikigawiwa kutoka kwenye magari. Sasa wanaoivuta ni zaidi ya wanane kati ya kumi.

Habari za Uptown zilipoenea Desemba 1989, makanisa na vikundi vya afya vya Philadelphia viliungana, Mchungaji Jesse Brown akiwa miongoni mwa viongozi. Fedha za kushindana na kampuni hawakuwa nazo. Mimbari walikuwa nazo. Januari 18, Waziri wa Afya Louis Sullivan, daktari Mweusi, aliishutumu kampuni hiyo hadharani katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Kesho yake Uptown ikafutwa.

Mwaka huohuo, mtaani Harlem, New York, Mchungaji Calvin Butts na waumini wake walitoka na rangi wakafunika mabango ya sigara na pombe.

Mentholi yenyewe ilisalimika. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ilipiga marufuku sigara za ladha ya sitroberi, chokoleti, hata karafuu, lakini ikaiacha mentholi. Pendekezo la serikali la kuizuia, lililotolewa 2022, liliondolewa Januari 2025. Massachusetts na California zimeipiga marufuku kwa sheria zao. Philadelphia, mji ulioikataa Uptown, bado inauziwa sigara za mentholi.